Kiti cha Shule ya Juu ya Paa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, na simu zenu ziwekeni chini. Shule niliiacha darasa la nne, kalamu inanichosha vidole kuliko kisu cha kukatia bamia, kwa hiyo sitarudia jambo kwa ajili ya mtu aliyekuwa akitazama pengine. Mmekuwa mkiniuliza, tena mkicheka, imekuwaje dada yenu mkubwa akasoma Uchina, katika shule ya mtu binafsi, na serikali ya watu ikamlipia. Mnadhani ni akili zake. Akili anazo, sikatai. Lakini wakati kiti kile kinatafutwa alikuwa na pengo la meno ya mbele na hajui kufunga kamba za viatu.

Guangzhou ninayoikumbuka mimi ina mvuke. Nilishuka uwanja wa ndege wa Baiyun ukiwa bado mpya, unanuka rangi, sakafu inang'aa mpaka nikaogopa kuinua mguu. Mwanangu akanishika mkono kama mtoto anayejifunza kutembea. Nje hewa ilikuwa nzito, ya vuguvugu, kama ile inayokupiga usoni ukifunua sufuria ya wali. Nilikwenda kumsaidia mkaza mwanangu kulea, nikasema nitakaa mpaka mtoto aache ziwa. Ziwa akaliacha, akatembea, akaanza kunijibu, na mimi bado nipo.

Ilikuwa miaka ile mji unaota maghorofa. Unalala unaona anga dirishani, unaamka kuna ukuta. Na kila mwaka, mwezi wa tatu kwenda wa nne, kuta za nyumba zilikuwa zinatoka jasho. Maji yanateremka ukutani yenyewe, mvua haijanyesha, nguo hazikauki, chumvi inageuka uji. Misufi ya barabarani ilidondosha maua mekundu makubwa kama ngumi, puu, juu ya lami, na akina mama wa pale wakiyaokota kwenda kuyaanika wapikie chai. Nilikuwa nikisimama dirishani nimembeba mjukuu wangu, chini yetu daraja la magari, magari yanapita ndani ya ukungu na taa zimewashwa mchana, hayana sauti, kama samaki. Nilikuwa sijui kama niko macho. Mara nyingine nilimwambia mtoto, "Hebu nifinye." Ananifinya kweli, mtundu yule, kwa kucha.

Mwanangu ndiye aliyetangulia kule. Alikwenda kusoma kwa ufadhili wa serikali ya Uchina, akamaliza chuo, kisha akaona wenzake kutoka Dar na Unguja wanahangaika na mizigo bila lugha. Akawa ajenti wao. Anawapeleka Shiling kwa wenye mikoba, anawapeleka Shisanhang kwa wenye nguo, anafunga makontena. Huko Shisanhang ndiko alikopata mke, binti wa jimbo la Hunan aliyekuwa akiuza magauni kwa laobani mmoja. Ndivyo wafanyabiashara wetu wanavyomwita mwenye duka. Binti akasilimu, wakaoana, na Kiswahili akajifunza kwa wateja. Kwa hiyo alisema Kiswahili cha sokoni kitupu. Siku ya kwanza aliyonipikia aliweka sahani mbele yangu akasema, "Mama, kula. Hii kitu orijino." Nikala. Kilikuwa orijino kweli.

Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili, magodoro chini, na maboksi ya wateja mpaka darini. Tulikalia maboksi, tulilia chakula juu ya maboksi, na mtoto alijifunza kutembea kwa kuyashika. Sikuona aibu, maana jengo zima waliishi hivyo. Kila mtu alikuwa njiani. Vitu vizuri vyote vilikuwa vinakwenda nyumbani Dar, sisi tulibaki na karatasi za kufungia.

Mjukuu wangu alipofika umri wa shule, ndipo nilipojua kwamba hana mji.

Kule kila raia ana kitabu cha ukazi kinachosema kwao ni wapi, na huyu aliandikwa kwenye kitabu cha mama yake. Kwao mama yake ni Hunan, mashambani. Alizaliwa Guangzhou, anaongea lugha ya Guangzhou kuliko mama yake, lakini kitabu kinasema Hunan. Shule za serikali za mji zilichukua kwanza wenye kitabu cha mji. Waliobaki walikuwa wengi kama mchanga: watoto wa wajenzi wa yale maghorofa, wa washona mikoba, wa wauza uji. Wenzake mkaza mwanangu pale kibandani Shisanhang alikouza nguo, watoto wao walikuwa kijijini kwa bibi zao, wanaonana sikukuu ya mwaka mpya tu. Kuna mmoja mtoto wake alimwita shangazi.

"Basi nirudi naye Temeke," nikasema.

Mkaza mwanangu akaweka kijiko chini. Hakula siku ile wala kesho yake. Sikulitaja tena. Mimi nimezaa, siwezi kumbebea mwanamke mtoto wake nikapanda naye ndege.

Kwa hiyo ilikuwa Hunan kwa bibi mzaa mama, au kiti cha kulipiwa. Hiki kiti ndicho mwanangu alichonieleza tukiwa tunakunywa chai, ukuta unatiririka nyuma yake.

"Mama, wilaya inalipia viti vichache kwenye shule za watu binafsi. Kwa watoto kama huyu."

"Serikali si ina shule zake?"

"Zimejaa."

"Ijenge nyingine. Hawa wanajenga ghorofa kati ya adhuhuri na alasiri, watashindwa darasa?"

"Kununua kiti ni rahisi kuliko kujenga darasa. Na mwenye shule anapata wanafunzi, na mzazi anachagua shule anayoitaka."

"Anachagua nani? Mimi nachagua?"

"Wao wanachagua mtoto, sisi tunachagua shule."

"Kumbe wao wameshachukua kubwa," nikamwambia, "sisi wametuachia dogo."

Akacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza mambo ya nyumbani. Enzi zetu, shule ya kulipia ilikuwa ya aliyefeli. Mtoto akikosa jina lake kwenye waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali, baba anauza kitu, anampeleka shule ya kulipia, na majirani wanasema taratibu ili asisikie. Baadaye mambo yakapinduka. Nilipoondoka Dar nimeacha mabasi ya njano yanazunguka mitaani kuokota watoto wa shule za Kiingereza, na wa shule ya serikali ndiye anayeonewa huruma. Kufika Guangzhou nikakuta pale pa zamani: ya serikali ndiyo bora, ya kulipia ni ya waliokosa. Nikaona kama nimerudi ujana wangu kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia mwanangu, mimi sijali ni ya nani. Nataka kujua choo chake kiko wapi, na sufuria yake inapika nini.

Tukaenda kutazama. Shule ya kwanza zamani ilikuwa karakana ya mikoba, wenyewe wakahamia Shiling, madarasa yakabaki na harufu ya ngozi na gundi. Uwanja mpana, walimu wapole. Nikaomba kuona jiko. Mpishi akafunua sufuria, nguruwe anaelea. Mkaza mwanangu akauliza kama mtoto anaweza kuja na chakula chake. Meyo, wakasema. Neno hilo nililijua kabla ya salamu; maana yake hakuna, haiwezekani, nenda zako. Hapo wote wanakula sufuria moja.

Shule ya pili ilikuwa upande wa Shisanhang, jirani na kibanda cha mama yake. Chini maduka ya nguo, marobota yanatupwa kutoka kwenye mikokoteni, vumbi la pamba linaelea hewani kama manyoya. Unapanda ngazi, unapanda, kelele za wauzaji zinabaki chini yako, na ukifika juu kabisa unakuta uwanja wa kuchezea umewekwa juu ya paa, umezungushiwa wavu. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa wavu. Watoto walikuwa wanakimbia humo, mashati meupe, wanatokea na kupotea, wanatokea na kupotea, vicheko vinatangulia kabla ya nyuso. Nikashika ukuta. Nilidhani nimeonyeshwa jambo ambalo mtu haonyeshwi akiwa hai. Mjukuu wangu akauchomoa mkono wake, akaingia ndani ya ukungu, akapotea na yeye. Niliposikia kicheko chake kimo katika vya wenzake, nikamwambia mama yake, "Hii."

Na chakula je? Mwalimu akasema alete bati lake la chakula, watalipasha moto. Basi tukaichagua hiyo, na jina likapelekwa ofisi ya mtaa.

Kilichofuata ndicho mnachopaswa kukielewa.

Mkaza mwanangu alikwenda kwao Hunan kutafuta muhuri wa kijiji kwa ajili ya mambo ya mtoto. Hayupo, simu ikaja: kesho alasiri mjumbe wa mtaa atakuja kuitazama nyumba. Mwanangu aliniambia hivyo tu, "Mama, mjumbe anakuja kuitazama nyumba," na mimi nikamfahamu kama ninavyomfahamu mjumbe wa nyumba kumi kwetu. Mjumbe akija, unafagia mpaka uani kwa jirani. Unatandika. Akiondoka asiwe na la kusema.

Nikapanda ghorofa ya juu kwa jirani yetu wa Unguja. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na mapazia, mwanamke mnene, sauti yake ukiisikia unadhani wanagombana watu watano.

"Mjumbe wa Kichina!" akasema. "Aje akute mnakalia maboksi? Aseme Waswahili hawana kwao? Haiwi, wallahi."

Akaanza yeye. Akashusha zulia jipya lililokuwa likisubiri kontena. Vijana wa kando wakaleta sofa, bado lina nailoni yake. Mapazia yakatundikwa, ya dhahabu, yana vishada. Mwanangu mwenyewe, na chuo chake kikuu alichosoma, akafungua boksi la mteja akatoa televisheni kubwa kama mlango. Maboksi yetu yote yakahamia kwake jirani, na sahani zake zikashuka kwetu. Nikapika pilau, nikakaanga kuku, kaimati, na chai ya maziwa yenye iliki. Jirani akamvalisha mtoto gauni la Idi, akamvika bangili na hereni zake, akampaka hina mpaka vifundoni.

"Nyinyi watu wa Dar," akawa ananisema huku anapanga mito, "mnatandika nyumba kama mnahama."

"Na nyinyi wa Unguja mnatandika kama mnaoza mwari kila siku."

"Si ndiyo raha yake!"

Mtoto tukamkalisha kwenye sofa, tukamwambia anyamaze kama bibi harusi. Nilipoitazama nyumba ile, sikuitambua. Ilikuwa inang'aa. Jasho la kutani lilikuwa limefichwa na mapazia, na mwanga uliopita kwenye kile kitambaa cha dhahabu ukaingia mpaka kwenye maji ya glasi. Nikahisi kama nimeingia nyumba niliyokuwa nikiiota tangu nilipoolewa, na mwenyewe ndiye mimi.

Mjumbe alikutana na mkaza mwanangu ngazini, ndiyo kwanza ametoka kwenye treni, wakaingia pamoja. Mjumbe alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, viatu vya kitambaa. Alipoona zulia akavua viatu upesi, akatembea juu yake kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Akakaa ukingoni mwa sofa, nailoni ikalia. Nikamtazama mkaza mwanangu ili aone tulivyomheshimisha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeibiwa sokoni.

Lakini alikuwa na adabu. Akamimina chai. Mjumbe akala pilau, akala tena. Akazishika bangili za mtoto kwa kidole kimoja. Akasema maneno machache kwa upole, akashukuru, akaondoka.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema, mnaishi vizuri."

"Alhamdulillahi!" jirani akapiga kigelegele.

Mkaza mwanangu akakaa chini, juu ya zulia la watu. "Mama," akasema, "yeye anakuja kuangalia nani hana. Nani anahitaji serikali kumlipia. Nyinyi mmeuza mtoto wangu bei ya jumla."

Yule wa Unguja akaanza kumvua mtoto bangili. Vishada vya mapazia vilikuwa vinatikisika kwa upepo wa feni.

Majibu yalikuja kwa simu, na sikuhitaji kutafsiriwa. Nililisikia kwa masikio yangu likitoka ndani ya simu ya mwanangu, kwa upole kabisa: meyo. Majina yangepelekwa wilayani mwisho wa mwezi, na la mtoto wetu lisingekuwemo. Kule Hunan bibi mwenzangu akaanza kutengeneza kitanda. Simsemi vibaya. Ni mkulima, mikono yake nimeishika, na mtoto wangempenda.

Mwanangu akasema, "Mama, nakwenda kumwambia ukweli. Vitu vilikuwa vya kuazima."

"Utamwambia mgeni wangu kwamba sahani aliyolia chakula si yangu?"

"Lakini si yako kweli!"

"Wewe nimekulea wapi?" nikamuuliza. "Mgeni akishakula, umesikia wapi mtu anamfuata kumwambia hivyo?"

Akavua viatu, akakaa. Na msinitazame hivyo. Ningepewa siku ile tena ningetandika tena, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumpokea mtu, na aliyenifundisha hakuwa mjinga. Ila mji ule ulimpokea mtu kwa kanuni nyingine, na mtoto alikuwa katikati.

Alasiri moja nikawa namsuka. Alikuwa amekaa chini kati ya magoti yangu, mimi juu ya boksi, nywele zake zile zimejaa mikononi mwangu, nyingi, za baba yake, laini kidogo kwa mama yake. Nje mvua ile ya kule, isiyoanza wala kuisha. Nilikuwa kama nasinzia, vidole vinakwenda vyenyewe. Akasema bila kugeuka:

"Mke mwenzangu."

"Labeka, mke mwenzangu."

"Kule kwa bibi mwingine, nani atanisuka?"

Nikamaliza ule mstari niliokuwa nimeushika. Nikafunga uzi. Kisha nikanyanyuka, nikajitanda buibui langu, nikamwita mama yake.

"Twende ofisini."

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kidogo chenye feni na chupa za chai kubwa. Mjumbe akatukaribisha viti. Nikabaki nimesimama.

"Mwambie," nikasema, "vile vitu vilikuwa vya majirani."

Mkaza mwanangu akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mama, niseme hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usipunguze, usiongeze."

Akasema. Mjumbe akanitazama mimi, si yeye.

"Hata zulia?" akauliza.

"Hata zulia."

"Na televisheni?"

"Hiyo sasa iko baharini, inakwenda Dar es Salaam."

"Na dhahabu ya mtoto?"

"Ya mwanamke wa juu. Anayepiga kelele."

"Huyo namjua," mjumbe akasema, na mdomo wake ukacheza kidogo. Kisha akawa mtu wa ofisi tena. "Nitakuja mara nyingine. Sitawaambia lini."

Tukarudi. Maua ya misufi yalikuwa yamekwisha, matawi yameshaota majani, na mimi nilihisi kama nimetembea mjini bila kanga.

Basi tukaanza kuishi na mlango wazi. Ni jambo gumu kwa mtu wa kwetu, kuishi siku zote kama mgeni atakukuta. Maboksi yakarudi. Godoro chini. Ukuta ukatoka jasho machoni pa wote. Nilimkataza jirani asishushe kitu, akaapa, kisha nikamkamata mlangoni ana kitambaa cha meza kifuani mwa gauni.

"Cha meza tu, dada! Kidogo hivi!"

"Hatuna meza. Pandisha."

"Moyo unaniuma."

"Uume ukiwa ghorofa ya juu."

Kila hatua ngazini nilikuwa naisikia. Wapagazi, watoto, yule muuza maji. Siku zikawa zinafanana, joto likapanda, masika ya kule yakageuka kiangazi, na majina yalikuwa karibu kupelekwa. Mkaza mwanangu akanunua begi la safari la mtoto, dogo, la Shiling, akaliweka nyuma ya mlango.

Mjumbe alinikuta nimelala. Ilikuwa baada ya adhuhuri, nimejitupa kwenye godoro na kanga moja, nywele wazi, mdomo wazi labda. Nilikuwa naota uwanja ule wa juu ya paa, niko ndani ya ukungu nawatafuta watoto kwa sauti zao, na sauti moja ikawa inasoma, neno kwa neno, kama maji yanayodondoka. Nikafungua macho na sauti ikaendelea. Mjumbe alikuwa amekaa juu ya boksi, na mjukuu wangu, nguo ya ndani tu na miguu mitupu, amesimama mbele yake anamsomea maandishi ya Kichina yaliyopigwa chapa ubavuni mwa boksi jingine. Hili upande huu juu. Hili lisilowe. Hili ni la kuvunjika. Hakuna aliyemfundisha. Amekua anayaona hayo, kama nyinyi mnavyoona vitabu.

Nilikaa. Nikatafuta cha kumpa mgeni, macho yakazunguka nyumba nzima. Chungu cha wali kilikuwa kimeoshwa. Chai hakuna, maziwa hakuna. Kulikuwa na maji ya moto kwenye chupa, basi. Nikamimina kwenye bakuli la mtoto, nikampa kwa mikono miwili, na uso nimeuinamisha kwa haya. Akayapokea kwa mikono miwili, akayapuliza, akayanywa yote taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Baadaye mkaza mwanangu aliniambia kwamba kwao hayo ndiyo wanayompa mgeni kabla ya kitu kingine chochote.

Mjumbe hakukaa sana. Alitazama godoro, akatazama ukuta, akatazama begi nyuma ya mlango. Mlangoni alimwambia mtoto jambo, na mtoto akanitafsiria, kwa Kiswahili cha mama yake:

"Bibi, anasema kiti kimebaki kimoja tu, wateja ni wengi."

Simu ilikuja siku ya mwisho ya mwezi, na mkaza mwanangu aliipokea akiwa kibandani. Alikuja mbio na tepu ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akasimama mlangoni. Akatikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, mpaka mwanangu akamshika.

Shule zilifunguliwa mwezi wa tisa. Jioni ya kuamkia siku ile, jua bado halijazama vizuri, jengo zima likaja kwetu. Jirani wa Unguja alishusha zulia, na mara hii sikumzuia. Wakaleta sahani, wakaleta kinanda cha umeme kilichokuwa kinakwenda Kariakoo, mtu akapiga ndoo kama ngoma. Mtoto alikuwa ananyanyuliwa juu, anapita mikono kwa mikono, sare yake nyeupe tayari mwilini. Mkaza mwanangu alikuwa akicheka na kulia. Wakaanza kupanga: kesho wote wampeleke kwa gari, wapige picha, au aanze kesho kutwa ili leo watu wafurahi mpaka wachoke, kwani siku moja ina nini? Mwanangu naye akasema, "Kweli, Mama, siku moja ina nini?"

Nilikuwa nimekaa pembeni juu ya boksi langu. Nilimfikiria mtoto mwingine, simjui jina wala sura, wa mjenzi fulani labda, ambaye jioni ileile mama yake alikuwa anamfungia begi. Nikanyanyuka. Ndoo ikanyamaza yenyewe.

"Nisikilizeni," nikasema. "Kiti hiki wamekilipia watu tusiowajua, na kuna mtoto amekikosa ili huyu akipate. Humu ndani hakitakaa wazi hata siku moja. Hakuna mvua itakayomzuia, hakuna harusi, hakuna arobaini, hakuna mgeni kutoka Dar. Kama ameumwa, mimi ndiye nitakayesema ameumwa. Wewe, zima hicho kinanda. Wewe, beba sahani zako. Mama yake, mvue hiyo sare isijikunje, na bati la chakula lioshwe liwekwe jikoni sasa hivi. Mtoto akalale. Kesho, kabla jua halijapanda juu ya lile daraja, nataka nimkute hapa mlangoni amevaa viatu, na kamba amefunga mwenyewe."